Aliyekwisha pita getini: habari ya Dirty Pipe na seva tunazoogopa kuzizima

(Hotuba niliyotoa Jumamosi mbele ya vijana wanaosimamia seva. Nimeiandika karibu vilevile nilivyoongea, sikuipiga pasi.)

Shikamooni wakubwa mliopo, wadogo zangu habari za mchana, wale mliosimama mlangoni ingieni tu viti vipo huku mbele.

Kazi yangu ni kulea seva, miaka 12 sasa, na leo sikuja kuwafundisha usalama wote maana huo hauishi, nimekuja na jambo moja linaloniuma. Sisi tunatumia nguvu nyingi sana kwenye geti. Fayawoli, paswedi ndefu, kufunga IP za ajabu ajabu, na hayo yote ni mazuri, endeleeni. Ila mtu akishapita geti, hata kama amepitia tundu dogo tu la plagini ya websaiti, tunajipa moyo kwamba aah huyo ana akaunti ya chini, hana ruti, ile akaunti kuu yenye mamlaka yote, hawezi kitu. Hapo ndo tunapoibiwa. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwenye seva nguo zenyewe ni nyingi, kuna akaunti ya websaiti, akaunti ya mteja wa hostingi, kijana wa intern aliyepewa SSH, njia ya kuingia kwenye seva toka mbali, ya wiki mbili ikasahaulika mwaka mzima, kontena, yaani programu iliyofungashwa na vitu vyake vyote, ulilolishusha mahali ukaliwasha bila kuuliza lina nini.

Kujipandisha cheo ndo hivyo tu. Mtu yuko ndani kama mgeni wa sebuleni, halafu anapata namna ya kuwa mwenye nyumba. Havunji geti, getini alishapita zamani. Ntawaelezea kisa kimoja cha kweli mpaka chini kabisa, kinaitwa Dirty Pipe, namba yake kwenye orodha ya matundu ya usalama ya dunia ni CVE-2022-0847, maana nikikieleza hicho vizuri hivyo vingine mtavielewa wenyewe.

Kuna kampuni ya Ujerumani inaitwa CM4all, inahudumia websaiti za watu, na pale kulikuwa na mhandisi anaitwa Max Kellermann. Tarehe 29 Aprili 2021 ikaingia tiketi, mteja analalamika faili la logi, yaani kumbukumbu za websaiti yake, alilolishusha halifunguki, limeharibika. Max akaangalia, akaona ile hesabu ya uhakiki mwishoni mwa faili imekosewa, akairekebisha kwa mkono, akafunga tiketi. Wangapi hapa tungefanya hivyohivyo? Wote. Miezi ikapita, likaharibika lingine, halafu lingine, kila mara mwisho wa faili, na faili lenyewe likitazamwa ni zima isipokuwa hapo mwisho tu.

Sasa hapa ndo nampendea huyu mtu. Hakusema ni diski imechoka, hakusema ni memori. Akakusanya yote yaliyoharibika, akapata mafaili 37 ndani ya miezi mitatu, akayapanga kwa tarehe. Siku nyingi zilikuwa na faili moja moja, lakini Novemba 30 yalikuwa 7, Desemba 31 yalikuwa 6, Januari 31 yalikuwa 4. Mnaona? Mwisho wa mwezi! Diski mbovu haijui kalenda.

Akafungua mafaili akasoma baiti za mwisho. Yote yamefutwa baiti 8 za mwisho, na pale pameandikwa kitu kilekile, 50 4b 01 02 1e 03 14 00. Hizo mbili za mwanzo ukizisoma kama herufi ni P na K, na kila aliyewahi kufungua faili la zip kwa ndani anazijua, ndo alama ya zip. Logi zao lakini hazikuwa zip, zilikuwa gzip, namna nyingine ya kubana faili. Alama ya zip imefikaje humo?

Ikawa hivi. Kampuni ilikuwa na huduma ambapo mteja anaomba logi za mwezi mzima, programu inachukua mafaili ya kila siku, inayapitisha kwenye bomba (nitalieleza mbele) mojamoja yakiwa yamefungwa kama zip, ikimaliza la siku ya mwisho inaandika orodha ya zip nyuma yake. Na orodha ya zip inaanza na hizo baiti 8. Kwa hiyo kitu kilichotakiwa kumfuata mteja bombani kilikuwa kinarudi nyuma na kujiandika juu ya faili la tarehe ya mwisho wa mwezi. Na ile programu, sikilizeni hapa, haikuwa na ruhusa ya kuandika kwenye mafaili yale. Ilikuwa na ruhusa ya kusoma tu.

Programu isiyo na ruhusa ya kuandika imeandika. Mtu akikuambia hivyo kazini unamjibu umechoka kalale, maana anayelinda ruhusa ni kerneli yenyewe, ule moyo wa mfumo wa Linux unaoendesha seva, na kulaumu kerneli ni kama kulaumu msingi wa nyumba kwa sababu kikombe kimepasuka. Max akaandika vijiprogramu viwili vidogo sana, kimoja kinaandika herufi A kwenye faili, kingine kinasoma faili lile kulipeleka bombani halafu kinaandika herufi B kwenye bomba. Hizo B hazina njia yoyote halali ya kufika kwenye faili. Zikafika.

Akajua kerneli 5.10 ina tatizo na 4.19 haina. Katikati ya hayo matoleo mawili kuna mabadiliko 185,011, ila kuna zana ya git, programu inayotunza historia ya kodi, inayogawa nusu kwa nusu, ukijibu ndiyo au hapana unakatwa nusu nyingine, kwa hiyo hatua 17 tu akalifikia badiliko lenyewe.

Sasa nieleze kosa, na naomba msiogope, nalieleza kwa masjala ya ofisi. Faili lenyewe liko kabatini, kabati ndo diski. Karani hawezi kukimbilia kabatini kila mtu anapouliza, kwa hiyo anatoa nakala ya ukurasa anaiweka mezani, na kila anayekuja anasomewa kwenye ile nakala ya mezani. Linux ndo inavyofanya. Ukurasa mara nyingi ni baiti 4096, unakaa kwenye memori, na programu zote zinazosoma faili hilo zinasoma ukurasa uleule mmoja, hakuna anayerudi kabatini kuhakiki.

Halafu kuna bomba, njia ya kupitisha data toka programu moja kwenda nyingine. Lina vyumba vidogovidogo, na kila chumba kina ukurasa wake na kibandiko. Ukiandika maneno machache na ukurasa haujajaa, kerneli inaweka kibandiko kinachosema hapa bado pana nafasi, anayefuata aendeleze hapohapo. Ni busara tu, kuokoa nafasi. Halafu kuna wito wa mfumo, yaani ombi la programu kwa kerneli, unaoitwa splice, ambao badala ya kunakili data ya faili kwenda bombani unachukua ukurasa uleule wa mezani na kuuingiza kwenye chumba cha bomba, bila kunakili, ili kazi iende haraka. Ukurasa wa namna hiyo hautakiwi kuwa na kibandiko cha kuendeleza hapohapo, maana sio ukurasa wa bomba, ni ukurasa wa faili la mtu.

Na kosa lote jamani, kosa zima, ni kwamba kerneli ilipoweka ukurasa mpya chumbani haikubandua kibandiko cha zamani.

Basi. Kibandiko kimoja hakikufutwa. Ukilijaza bomba vibandiko vyote vinawekwa, ukilimwaga vinabaki, ukiingiza ukurasa wa faili kwa splice unakuta kibandiko kinasema endeleza hapohapo, ukiandika bombani kerneli inatii na kuandika kwenye nakala ya mezani ya faili ambalo wewe unaruhusiwa kulisoma tu. Kusahau kufuta kulianza mwaka 2016 kwenye kerneli 4.9 na hakukuwa na madhara ya maana maana wakati huo kibandiko chenyewe hakikuwepo, mwaka 2020 kwenye 5.8 mtu mwingine akasafisha kodi, kazi safi tu, na usafi ule ndo ukaweka kibandiko pale, kosa la mwanzo likapata meno. Hakuna kati ya hao wawili aliyekuwa mzembe, na hili huwa nalisema kila mahali maana vijana mnapenda sana kuuliza nani kaharibu.

Mipaka ipo. Huwezi kugusa baiti ya kwanza ya ukurasa, huwezi kuvuka ukurasa, huwezi kurefusha faili. Lakini nani anahitaji zaidi ya hapo? Faili la /etc/passwd, lenye orodha ya akaunti, linasomwa na kila mtu kwenye seva, na mstari wa ruti uko juukabisa. Programu ya su, ile ya kuhamia akaunti nyingine, inasomwa na kila mtu na inaendeshwa kwa mamlaka ya ruti. Badilisha vibaiti vichache humo umeshakuwa mwenye nyumba. Na usiniambie faili umelifunga lisibadilishwe, au umelipandisha kwa kusoma tu, nakala ya mezani haiulizi hayo, ilifanya kazi hata kwa faili lililoko kwenye CD.

Max alipeleka taarifa kwa timu ya usalama ya kerneli tarehe 20 Februari 2022, akiwa na kiraka, yaani kodi ya kuziba kosa, mkononi. Kesho yake akaijaribu kwenye simu ya Pixel 6, ikakubali, akawaambia watu wa Android. Tarehe 23 yakatoka matoleo 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Siku tatu! Machi 7 dunia nzima ikaambiwa. Kwa upande wao kazi ilikuwa imekwisha, iliyobaki ilikuwa ya kwetu, na hapa naanza kuongea kwa uchungu kidogo mniwie radhi.

Mwaka huo nilikuwa nafanya kazi mahali fulani, sitapataja, tunahudumia seva za wateja. Apdeti tuliweka wiki ileile ya Machi. Nilikaa mwenyewe usiku nikaona vifurushi vinaingia kimoja kimoja, nikaandika kwenye ripoti imekamilika. Ila kuribuuti, yaani kuzima na kuwasha upya, tulikatazwa. Seva moja ilikuwa na siku mia nne na kitu haijazimwa, na ile namba ilikuwa imewekwa kwenye karatasi za kuuzia huduma, wateja wanaonyeshwa, uongozi unajivunia. Sasa kiraka cha kerneli ukikiweka kinakaa kwenye diski kinasubiri. Kerneli inayokimbia kwenye memori ni ileile ya jana yenye kibandiko chake. Mpaka uizime seva na kuiwasha, hujarekebisha kitu, umenunua dawa ukaiweka kabatini.

Mwezi Mei mtu akapita kwenye fomu ya kupakia picha ya websaiti moja ya mteja. Akaunti ya websaiti ilikuwa haina ruhusa yoyote, tulihakikisha. Asubuhi tukakuta kwenye folda ya ruti kuna ufunguo wa SSH ambao hakuna aliyeujua. Tukashtuka, tukafanya kile ambacho tulikatazwa miezi miwili, tukaribuuti, na ndo tukaua ushahidi. Kwa nini? Rudini masjala. Maandishi ya Dirty Pipe yanakaa kwenye nakala ya mezani, na kerneli haijui kwamba nakala imebadilishwa, kwa hiyo hairudishi kabatini. Ukizima meza inafagiliwa. Ukiwasha /etc/passwd ni safi kabisa, su ni safi, ukihakiki kila kitu kiko sawa, ufunguo tu ndo umebaki pale maana huo aliuandika akiwa ruti tayari, kwa njia ya kawaida. Aliupataje uruti hatukuweza kumthibitishia mteja mpaka leo. Yule mama mwenye duka la mtandaoni aliniuliza baba, data za wateja wangu wameziona au hawajaziona, na sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo tunafanyaje.

La kwanza ni kujua kerneli gani inakimbia sasa hivi, sio ipi imewekwa. Andika uname -r. Kwenye Debian, moja ya distro yaani aina za Linux, ongeza uname -v, hiyo ndo inakuonyesha toleo la kifurushi lenyewe. Na msidanganywe na namba! Debian 11 walirekebisha Dirty Pipe kwenye 5.10.92-2, ukilinganisha na ile 5.10.102 ya kerneli rasmi unaweza kusema bado, kumbe tayari, wamekichukua kiraka wakakishonea kwenye toleo lao. Na kinyume chake pia, Red Hat 8 inatumia kerneli ya 4.18 ambayo kwa namba ungesema haihusiki, lakini wenyewe walitangaza inahusika na wakatoa apdeti, maana wao huwa wanarudisha vitu vipya kwenye kerneli ya zamani. Soma tangazo la usalama la distro yako, hilo ndo la kuamini.

Kujua kama seva inasubiri kuribuuti ni rahisi mno. Ubuntu inaacha faili kwenye /var/run/reboot-required, Debian weka needrestart, ukoo wa Red Hat kuna needs-restarting -r. Wekeni hizo kwenye mfumo wenu wa kufuatilia seva upige kelele, yaani kama unavyopiga diski ikijaa. Kama kweli huwezi kuzima kuna viraka vya kuwekwa kerneli ikiwa inakimbia, kpatch kwa Red Hat, Livepatch kwa Ubuntu, ni vizuri ila sio kila tundu linazibwa hivyo, msivitumie kama kisingizio cha kutozima mwaka mzima.

Kuna matundu yenye dawa ya muda. Mwezi Januari mwaka uleule 2022 watu wa Qualys, kampuni ya usalama, walitangaza PwnKit, tundu kwenye pkexec, programu ya kuendesha amri kwa mamlaka ya ruti, lilikuwepo tangu Mei 2009 na lilikuwa kwenye karibu kila distro kubwa. Hilo uliweza kulizuia kwa amri moja ya kuiondolea pkexec ile alama ya kuendeshwa kwa mamlaka ya ruti, chmod 0755 basi, ukasubiri kiraka kwa utulivu. Dirty Pipe haikuwa na amri ya namna hiyo. Tundu likiwa ndani ya kerneli yenyewe mara nyingi dawa ni ileile ya kuzima na kuwasha. Ila somo la pkexec libebeni, programu zenye ile alama ziko ngapi kwenye seva yako? Tafuteni kwa find / -perm -4000, zile usizozitumia ziondoeni. Seva ya databesi inahitaji pkexec ya nini?

Wa kontena nawaona pale mnatabasamu. Kontena zote kwenye mashine moja zinatumia kerneli moja, na zile zilizotoka kwenye imeji moja, yaani kifurushi kimoja cha kuanzishia kontena, zinasoma faili moja lilelile, maana yake meza ni moja. Aliyechafua nakala akiwa kontena hili, jirani yake kwenye kontena lile anasoma uchafu huohuo. Kama unaendesha kodi ya watu usiowajua, wape mashine pepe kila mmoja na kerneli yake, kontena peke yake sio ukuta.

Akaunti nazo. Intern akiondoka akaunti iondoke siku hiyohiyo, sio kesho. Akaunti ya websaiti usiipe sheli, yaani uwezo wa kuingia na kuandika amri, na folda ya kupakia picha isiruhusiwe kuendesha kodi, yule wa Mei angeishia hapo.

Dada hapo mbele ameuliza kuhusu simu. Swali zuri sana. Dirty Pipe iligusa simu zilizotoka na kerneli 5.10, kama Pixel 6 na Galaxy S22, simu nyingi za wakati ule zilikuwa na kerneli ya nyuma ya 5.8 kwa hiyo hazikuhusika. Lakini usifurahie uzee wa simu, kerneli hizo za zamani zina zao, Dirty COW, tundu jingine la kerneli lililotangazwa 2016, ilikuwa imekaa kwenye Linux tangu 2007 na ilitumika kupata uruti kwenye simu za Android. Nenda kwenye mipangilio, kuhusu simu, angalia tarehe ya kiraka cha usalama. Kama ni ya miaka mitatu nyuma na apdeti haiji tena, usiweke humo programu iliyotoka nje ya stoo rasmi, maana hiyo programu ndo mgeni wa sebuleni.

La mwisho ni kwa wale watakaokuta mambo yameshaharibika, maana hili sikuambiwa na mtu nikalilipia. Usiku ule usizime haraka. Itoe seva kwenye mtandao kwanza, iache ikiwa inawaka. Chukua nakala ya memori kama una zana. Nakili /etc/passwd na zile programu zenye alama ya ruti kama zinavyosomeka wakati huo, zipeleke mashine nyingine, halafu soma faili hizohizo moja kwa moja kutoka kwenye diski bila kupitia mezani, amri ya dd ina chaguo la iflag=direct, linganisha. Zikitofautiana, hiyo tofauti ndo jibu la swali la yule mama. Ukishaihifadhi usihangaike kuisafisha seva hiyo, mtu aliyewahi kuwa ruti humo hujui ameacha nini, jenga mpya, rudisha data kutoka kwenye bakapu ya kabla ya siku hiyo, badilisha funguo na paswedi zote zilizowahi kukaa pale.

Pale nilipo sasa tunaribuuti kila Jumanne ya pili ya mwezi saa tisa usiku, seva mbili mbili, wateja wameandikiwa kwenye mkataba na wameshazoea. Ya mwezi huu ni Jumanne ya wiki ijayo, anayetaka kuja kuona inavyofanyika anitafute hapa nje kabla sijaondoka.